Uzuri wa mkakasi: boksi la mdoli lapimwa kwa hewa ya visiwani

Boksi la Barbie, la Fulla au la mdoli wowote wa kukusanywa hutengenezwa kwa kazi mbili: kuvuka bahari ndani ya kontena bila kubondeka, na kusimama kwenye rafu ya duka miezi michache likivutia macho. Kazi ya tatu, ya kuutunza mdoli miaka 20 katika chumba cha Malindi ya Unguja au Wete ya Pemba, hakuna kiwanda kilichoiahidi. Ni wakusanyaji wenyewe waliolibandika boksi kazi hiyo. Hapa linapimwa kwa kazi hiyo ya tatu, sehemu moja moja, na hukumu yaweza kutolewa mapema: midoli mingi iliyofungwa kwenye maboksi Unguja na Pemba ingekuwa salama zaidi nje. Iko michache isiyofaa kuguswa, nayo itafika zamu yake.

Tuanze na kadibodi. Karatasi hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, asubuhi hivi, jioni vile. Ukungu huanza kuota pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa siku kadhaa mfululizo, na kwetu hiyo ndiyo hewa ya kawaida. Masika, Machi hadi Mei, kipimo hupita 80 mara kwa mara na hakina haraka ya kushuka. Pemba, yenye mvua nyingi kuliko Unguja, ni zaidi. Dalili ya kwanza huja kabla ya ukungu wenyewe: pembe za boksi hujikunja, mkunjo wa chini huachia gundi, na mdoli huinama mbele kama abiria aliyesinzia kwenye boti. Baadaye hufuata vidoa vya kahawia, na hivyo havifutiki.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina tatizo lao la ziada. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupandisha maji kutoka chini na kuyatoa polepole chumbani. Boksi lililoegemezwa ukuta huo huharibika mgongo huku uso ukiwa mzima, kwa hiyo mwenyewe hajui mpaka siku anapolishusha. Shubaka la ukutani linapendeza mno kwa mdoli, kwani liliundwa kwa vyombo vya kaure vya kutazamwa, lakini kaure hainywi maji na kadibodi inakunywa. Mdoli uliotolewa boksini utakaa kwenye shubaka bila taabu kubwa. Boksi lisiwekwe humo kabisa. Likiwa chumba hichohicho, liache sentimita 10 toka ukutani na lisigusane na sakafu.

Dirisha la plastiki lina maisha yake mbali na kadibodi. Kadibodi ikivimba na kunywea, plastiki haifuati, basi gundi iliyowaunganisha hukatika ukingoni na dirisha hutunisha tumbo. Maboksi ya zamani huongeza umanjano. Umanjano wa dirisha si hasara kwa mdoli wenyewe, ila mnunuzi wa mbali anayeangalia picha huuhesabu kuwa kasoro ya boksi na kukata bei. Maboksi mapya mengine hayana dirisha kabisa, yako wazi mbele: hayo tuyaite trei, maana hewa ya chumvi na vumbi huingia kama dukani.

Vifungo, gundi na rangi

Hapa ndipo boksi linapofeli vibaya, na ndipo wengi wasipotazama.

Mdoli haukuwekwa tu ndani, umefungwa. Kwa kawaida kuna vifungo kati ya 6 na 12: vikamba vya plastiki kiunoni na vifundoni, nyuzi zilizoshona gauni kwenye kadibodi ya nyuma, vipande vya mpira laini mikononi na kwenye nywele, na pini mbili za plastiki zilizopenya kisogoni kushika kichwa kisitikisike. Mpira ndio adui. Kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wetu huanza kunata, kisha huyeyuka nusu na kuacha pete ya njano kwenye kifundo cha mkono, au hukauka na kukatika pamoja na nywele ulizozishika. Huwezi kuutoa bila kufungua boksi. Mtu anayejisifu kwamba mdoli wake haujaguswa kwa miaka 15 amesahau kwamba mpira umekuwa ukiugusa muda wote huo.

Gundi ya kichwani ni jambo la pili. Nywele hushonwa kwenye kichwa cha plastiki laini na ndani hupakwa gundi ili mishono isichomoke. Katika midoli mingi ya miaka ya 2000 na 2010, Barbie na Monster High zikiwemo, gundi hiyo hupenya taratibu kupitia matundu ya nywele hadi nje. Nywele huwa kama zimepakwa asali: ukizichana zinashikamana, na vumbi lote huganda hapo. Joto huharakisha. Boksi halizuii kitu, kwa sababu gundi inatoka ndani ya mdoli wenyewe. Kulitambua kupitia dirishani ni rahisi ukijua: tazama utosini na pembeni mwa sikio, nywele zitakuwa zimejikusanya mafungu membamba yenye mng'aro wa maji. Ukiona hivyo, mjadala wa kufungua au kutofungua umekwisha. Fungua.

Tiba yake huchukua jioni nzima. Chovya kichwa kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika moja au mbili hadi plastiki ilainike, kisha kivute taratibu huku ukikizungusha kidogo. Ukilazimisha kikiwa baridi, kile kikokwa cha shingoni chenye mabawa hukatika, na mdoli ukikatika shingo haurudi. Kwangua gundi ndani kupitia tundu la shingo kwa kibanio cha nyusi. Nywele zioshe kwa sabuni ya maji ya vyombo, mara tatu au nne, na suuza kwa maji ya uvuguvugu. Poda ya mtoto hupunguza kunata kwa wiki chache tu, kisha inarudi kuwa uji mweupe. Nywele za Saran (aina ya nyuzi za plastiki) na za nailoni hulala vizuri baada ya maji ya moto. Za polipropilini, ambazo ndizo za midoli ya bei nafuu, hufumka na hazirudi kwenye umbo lake, hivyo tumia maji ya uvuguvugu na uvumilie.

La tatu ni rangi ya nguo kuhamia mwilini. Nguo nyekundu, nyeusi na buluu iliyoiva huachia rangi kwenye plastiki laini, na plastiki huinywa ndani. Haikai juu tu kama uchafu. Joto na unyevu ndivyo vinavyofungulia mlango. Kwa wenzetu wa huku hili ni zito zaidi, maana midoli inayopendwa mara nyingi ni yenye mavazi marefu. Fulla, iliyotoka mwaka 2003 na inayofika visiwani kwenye mizigo ya ndugu wa Dubai na Maskati, ina abaya. Barbie wa Ibtihaj Muhammad, mwanamichezo wa kitara wa Marekani, aliyetangazwa mwaka 2017 akiwa Barbie wa kwanza kuvaa hijabu, naye amefunikwa tangu kichwani. Kitambaa kinapogusa mwili kote namna hiyo, doa likitokea utalijua siku ya kuvua. Dirisha linaonyesha gauni safi kabisa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Doa la namna hiyo hutolewa kwa krimu ya chunusi ya dukani kwa dawa, yenye benzoili peroksaidi ya asilimia 10, au 5 ikikosekana. Paka tabaka juu ya doa tu, funika kwa plastiki nyembamba ya jikoni isikauke, weka penye mwanga kwa saa sita, futa, tazama, rudia. Doa la zamani laweza kudai siku tano. Isiguse midomo wala nyusi zilizochorwa, wala nywele. Kwa midoli ya ngozi nyeusi uangalifu uwe maradufu: krimu hii haichagui, inapausha doa na rangi ya mwili pamoja, na baka jeupe haliondoki. Jaribu kwanza nyuma ya bega.

Hereni za chuma zina kisa chao. Barbie wa miaka ya 1960 hupata sikio la kijani: shaba ya hereni huliwa na kemikali za plastiki laini na kuacha kijani kinachotambaa hadi shavuni. Upepo wetu wa chumvi hausaidii. Hereni zitolewe, ziwekwe kwenye kipakiti chao pembeni.

Ngozi bandia, iwe ya koti, buti au mkoba, itamenyuka. Aliyewahi kuona sofa la wageni likibanduka vipande baada ya masika mbili anaujua ugonjwa huu. Ni uleule, unyevu unaivunja plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Ndani ya boksi itamenyukia gauni. Nje unaweza kuitenga.

Wadudu na moshi

Mende hula gundi ya boksi na karatasi yake; wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha hula uso uliochapwa; mchwa hupitia nyuma bila kubisha hodi. Wengi hutupia vidonge vya nondo ndani ya sanduku. Usifanye hivyo: mvuke wa naftalini huingia kwenye plastiki, unaweza kuifanya plastiki ngumu ilainike na kuharibu uso wake, na harufu haitoki. Karafuu zina harufu nzuri lakini mafuta yake hutia doa. Dawa ya mende ya jeli, tone moja nyuma ya kabati, nje ya sanduku, inatosha.

Udi na ubani vina mahala pao. Visiwe chumba cha midoli. Moshi hutua juu ya nywele na plastiki kama ukoko mwembamba wa njano unaonata, na mdoli mweupe utaonekana mzee ndani ya mwaka. Hapo boksi lenye dirisha zima linapata alama yake moja nzuri: linazuia moshi na vumbi kweli.

Pesa iko wapi

Hoja kubwa ya kutofungua ni bei. Ni hoja ya kweli kwa midoli michache na ya uongo kwa mingi. Barbie alizinduliwa New York tarehe 9 Machi 1959, na waliomnunua miaka ile walimnunulia watoto, maboksi yakatupwa. Ndiyo sababu boksi la wakati huo lina thamani: halikubaki. Mwaka 1988 Mattel, watengenezaji wa Barbie, walitoa Barbie wa kwanza wa sikukuu za mwisho wa mwaka, mwenye gauni jekundu, akagombaniwa. Miaka iliyofuata kiwanda kikaongeza idadi, na maelfu kwa maelfu ya wanunuzi wakaweka yao bila kufungua wakingoja utajiri. Leo ile ya miaka ya 1990 iliyofungwa imejaa sokoni, na mingi huuzwa kwa bei ya kawaida tu ya mdoli. Kila mtu alitunza, basi hakuna kilichoadimika.

Kwa hiyo kabla ya kulinyenyekea boksi, angalia lebo. Kwenye mfumo wa lebo za Barbie za kukusanywa ulioanza miaka ya 2000, lebo ya platinamu ilimaanisha midoli isiyofika 1,000, ya dhahabu isiyozidi 25,000, na ya waridi haikuwa na mpaka. Platinamu yenye cheti chake na boksi la nje la kusafirishia, usifungue. Tafuta namna ya kuihifadhi. Dhahabu, fikiri. Ya waridi na midoli yote ya kuchezea ya kawaida, fungua bila wasiwasi. Ile mipira ya LOL Surprise isiyoonyesha kilichomo, yaliyomo yamo, fungua tu.

Liko pia swali la mnunuzi. Soko la mdoli uliofungwa liko Marekani, Uingereza na Ulaya. Mnunuzi wa huko anataka pembe za boksi zilizo kali, na boksi lililokaa misimu sita ya masika kisha likapanda boti hadi Dar es Salaam na ndege baada ya hapo, litafika pembe zikiwa za mviringo. Mdoli uliofunguliwa vizuri, msafi, nguo na viatu vyote vipo, unauzika karibu sawa na uliofungwa kwenye boksi bovu, na unasafiri kwa uzito mdogo.

Kwa anayeng'ang'ania kutofungua

Inawezekana, kwa gharama. Chukua sanduku la plastiki la lita 50 lenye mpira wa kuzibia kwenye kifuniko. Yale ya kawaida ya nguo yanapitisha hewa pembeni, hayafai. Humo hukaa maboksi manne ya kawaida, yakisimama wima, yasilaliane. Weka kipima unyevu kidogo cha betri na gramu 300 za silika jeli, yaani zile punje zinazokuja ndani ya viatu vipya, ila zinunuliwe kwa wingi. Hesabu yake ni hii: kadibodi ya gramu 300 iliyozoea hewa ya asilimia 80 imebeba maji karibu gramu 15 zaidi ya inapokuwa kwenye hewa ya 50. Maboksi manne ni gramu 60, na silika hunywa takriban sehemu ya tano ya uzito wake. Kwa sababu hiyo wiki mbili za mwanzo punje zitajaa upesi, na wasiojua hudhani wameuziwa bandia. Zibadilishe mara moja, kisha zitakaa miezi.

Lenga unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Ikishuka chini ya 40 punguza punje, kwani kadibodi kavu mno hupasuka kwenye mikunjo. Chagua punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba. Za buluu zina kobalti, ambayo ni sumu. Kuzikausha ni oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu. Kikaango juu ya mkaa huziunguza, zinageuka kahawia na kazi yake imekwisha. Siku ya kufunga sanduku iwe adhuhuri ya kipupwe, Julai au Agosti. Anayefunga Aprili anafungia mvua ndani.

Kiyoyozi si jibu. Kikiwaka usiku na kuzimwa asubuhi, hewa ya nje yenye unyevu huingia chumba baridi na kutoa umande juu ya dirisha la boksi. Na umeme wenyewe: kuanzia Desemba 2009 Unguja ilikaa gizani miezi kama mitatu. Hifadhi inayotegemea swichi si hifadhi.

Kufungua bila kuharibu

Tenga dakika 40, mkasi mdogo wenye ncha, wembe mpya, kibanio, na kitambaa cheupe mezani ili kiatu kikidondoka kionekane. Osha mikono, usipake mafuta. Piga picha pande zote sita za boksi na ndani kupitia dirishani, kwani ndiyo kumbukumbu ya namna vitu vilivyopangwa.

Kata selotepu ya chini, si ya juu. Mfuniko wa juu ndio unaotazamwa. Kata kwa wembe uliolala, ndani ya mwanya tu. Vuta trei ya ndani, ile mdoli ulikofungiwa, nzima kwa kushika kadibodi, usivute mdoli. Igeuze: mikia ya vifungo vyote iko nyuma. Kata hukohuko, hesabu ulivyokata, kisha geuza mbele na uvitoe kimoja kimoja. Anayekata kwa mbele hukata na lesi ya gauni. Pini za kisogoni usizing'oe kwa nguvu, plastiki itachanika. Kata karibu na ngozi, kipande kilichobaki kisukume ndani kwa ncha ya kibanio. Mpira ulioyeyuka kwenye nywele ukatwe, usivutwe. Ulionata mwilini futa kwa mafuta ya nazi kidogo kwenye pamba, kisha sabuni, kisha maji.

Vua nguo zote zenye rangi iliyoiva. Katikati ya nguo na mwili weka bafta nyeupe iliyofuliwa hadi wanga ukaisha. Gazeti lisikaribie kabisa: wino wake huhamia kwenye plastiki na kusomeka. Kisha kabati la kioo, mbali na dirisha la jua, taa za LED, na brashi laini ya kupakia rangi mara moja kwa mwezi.

Ukinunua Darajani, Chake Chake au mkononi mwa mtu, "halijafunguliwa" isikupumbaze. Tazama selotepu: ya kiwandani ni duara dogo au kipande kimoja kilichokatwa sawa, na chini yake karatasi haijachunika. Tabaka mbili za selotepu maana yake limefunguliwa likafungwa. Namba ya mwaka mgongoni mwa Barbie nayo hudanganya: 1966 ni mwaka wa haki ya umbo la mwili, na mwili huo uliendelea kutumika miongo kadhaa. Wauzaji husema "huu wa sitini na sita" kwa nia njema kabisa. Mwaka wa kichwani, nyuma ya shingo chini ya nywele, nao ni wa haki ya umbo la kichwa, basi ulinganishe na ule ulioandikwa chini ya boksi.

Boksi tupu lisitupwe. Trei, kadibodi ya nyuma na kijitabu virudi ndani, mfuniko usibanwe, likae juu ya kabati mbali na ukuta. Siku ya kuuza, mdoli hurudishwa kwenye trei kwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale ya kiwandani, usitoboe mapya, na mnunuzi aambiwe kuwa umefunguliwa.